Dakika Kumi za Mzee Mawazo

Herménégilde ana magonjwa mawili, kisukari na maneno. Kisukari kilimpata akiwa na miaka kumi na tisa, maneno alizaliwa nayo. Kwa hicho cha kwanza amekuwa akijidunga insulini kila siku kwa miaka ishirini na saba. Kwa hayo ya pili hakuna dawa, na mkewe Epiphanie ameshaacha kuitafuta.

Kazi yake ni bandarini Bujumbura, ambako huandika karatasi za forodha za mizigo inayotoka Kigoma. Ukimwonyesha rundo la magunia atakwambia yako mangapi kabla hujamaliza kufunua turubai, na akikosea hakosei zaidi ya gunia moja. Jicho hilohilo hulitumia mezani. Akiwekewa sahani huinama na kuitazama kimya: ndizi vipande sita, maharage vijiko vinne, ugali kama ngumi ya mtu mzima. Akishapiga hesabu ndipo anajua avute insulini kiasi gani kwenye sindano. Wapakuzi wanaokula naye wanadhani anasali. Mmoja alimsifu mbele ya wenzake kuwa huyu ni mtu wa Mungu kweli, hata mihogo ya kukaanga haili bila kuiombea, na Herménégilde hakuona sababu ya kumkanusha.

Nyumbani kwake, mtaa wa Musaga, kila jirani ni daktari. Mmoja alimletea majani machungu ya kuchemsha, mwingine akamwambia sukari inatokana na woga, wa tatu akamshauri atupe sindano zote ziwani ili imani yake ionekane. Majani aliyapokea kwa heshima akampa mbuzi wa nyumba ya pili, ambaye hadi leo hana kisukari. Huyo wa sindano alimjibu kuwa imani anayo, ila kongosho lake si muumini.

Jambo ambalo majirani wote hawajalielewa ni kwamba sukari ya mtu wa insulini ina njia mbili, kupanda na kushuka, na ile ya kushuka ndiyo yenye haraka. Ukijidunga halafu usile, insulini haikusubiri. Inaendelea na kazi yake, inafagia sukari yote iliyomo damuni mpaka unabaki mtupu. Midomo inakufa ganzi, jasho linakutoka kwenye baridi, mikono inatetemeka, kisha akili inaanza kuaga. Dawa yake ni soda au sukari ya mezani, na sasa hivi. Lakini watu wakishasikia una kisukari, kitu cha kwanza wanachokunyang'anya ni soda.

Herménégilde ikimshuka huwa hazimii mara moja. Kwanza anakuwa mtu wa maoni. Siku moja bandarini alimweleza mkuu wake wa kazi, kwa sauti ya upole kabisa, kuwa kichwa chake kingetozwa ushuru wa bidhaa tupu. Aliokolewa na chupa ya soda na mkuu ambaye hakusikia vizuri kwa sababu ya kelele za winchi.

Haya ya ugonjwa. Sasa yale ya maneno.

Bujumbura baba hamwombei mwanawe mke kwa kinywa chake. Anatafuta msemaji, mtu mwenye ulimi, na nyumba ya binti nayo inaweka wake. Siku ya mahari wasemaji hao wawili husimama mbele ya wageni wakapambana kwa maneno, huyu akijifanya hajui wenzake wamefuata nini, yule akizunguka mlima mzima kabla ya kutaja jina la binti. Wageni husikiliza na kupima nani mkali. Chakula kinakuwa kimeshapikwa na kufunikwa, soda ziko mezani, na hakuna wa upande wa bwana harusi anayegusa hata tone kabla binti hajatolewa. Mgeni akinywa mapema maana yake alifuata soda, na wenye nyumba wana haki ya kumwonyesha lango.

Herménégilde ameifanya kazi hiyo katika nyumba zaidi ya arobaini. Ukimtaja huko Musaga, watu husema, "Ah, yule. Kula kwanza nyumbani."

Kwa hiyo mpwa wake Valéry alipopata mchumba, hapakuwa na haja ya kutafuta msemaji. Mchumba aliitwa Nsimire. Wazazi wake walitoka Uvira, upande wa Kongo, wakahamia Bujumbura miaka mingi iliyopita, na sasa walikuwa wakiishi mtaa wa Kigobe. Mambo yote yangesemwa kwa Kiswahili, lugha ambayo Herménégilde huiendesha bila breki.

Majuma matatu kabla ya siku yenyewe dada yake Marguerite, mama yake Valéry, alifika Musaga na kukataa kiti. Marguerite ni mkubwa kwake kwa miaka sita. Tangu mdogo wake augue hajawahi kuutamka ugonjwa kwa jina, husema tu "kile kitu chako".

"Hermé," alisema, "kile kitu chako kisitoke siku ile."

"Kitatoka wapi? Kiko mu damu."

"Usinichezee. Wakisikia iko mu ukoo, watasema na Valéry atakuwa nayo, na watoto yake pia. Watatunyima ule binti. Na Valéry asipomupata, unamujua, hatakula mwezi muzima."

"Mi niliaibisha mutu siku gani?"

"Ubatizo ya Chanelle. Ulikula gato, ile keki ya wageni, na mikono miwili mbele ya padri."

"Sukari ilikuwa imeshuka, dada. Ningekufa."

"Ndiyo. Na gato pia."

Akakubali, kwa sababu alimpenda mpwa wake. Lakini ilimchoma, na alibaki nayo moyoni siku kadhaa. Kuambiwa na dada yako wa tumbo moja ujifiche kama mtu aliyeficha mali ya wizi si jambo la kuchekea, na Herménégilde, ambaye huchekea karibu kila kitu, hili hakulichekea.

Jumamosi ikafika. Saa saba mchana msafara ulisimama mbele ya lango la Kigobe, wanaume wakiwa wamefunga shuka nyeupe begani, wanawake na vikapu vyao. Utaratibu ni kwamba wanaume huingia kwanza. Wanawake hubaki langoni na vikapu mpaka neno litolewe ndani.

Hapo ndipo akatokea Sikuzani, shangazi yake Nsimire, kuwakaribisha. Harufu ya wali na nyama ilimfuata mpaka barabarani.

"Karibuni, baba zangu," alisema. "Chakula iko tayari. Na leo hamutakawia. Muzee Mawazo anaumwa koo, amesema atasema dakika kumi tu."

Mzee Mawazo alikuwa msemaji wa upande wao, mwalimu mstaafu. Herménégilde alipiga hesabu yake. Insulini yake inataka idungwe nusu saa kabla ya kula. Dakika kumi za Mawazo, kumi zake yeye, kumi za kumleta binti: nusu saa kamili, kama treni za wazungu. Akamvuta Epiphanie nyuma ya gari, akachukua sindano kwenye mkoba wake na kuvuta kipimo cha sahani kubwa ya wali.

"Ngoja uone sahani kwanza," Epiphanie alimwambia.

"Nimeinusa. Inatosha."

"Na ule muzee ukiona anakawia?"

"Amesema dakika kumi."

"We pia unasemaga dakika kumi."

Alikuwa sahihi. Herménégilde mwenyewe alikuwa ametoa ahadi hiyo katika nyumba arobaini na hakuwahi kuitimiza hata katika moja. Lakini msemaji ana udhaifu wake: anajua yeye ni mwongo, ila hafikirii kuwa mwenzake anaweza kuwa mwongo pia. Akainua shuka, akajidunga. Epiphanie akamnyooshea kasha la vipande vya sukari. Marguerite, aliyekuwa amesimama na kikapu chake hatua tatu kutoka pale, akamkata jicho ambalo lingeweza kuchanja kuni. Herménégilde akaurudisha mkono, akaingia ndani bila chochote.

Mzee Mawazo alisimama. Alikuwa mrefu, na koo lake lilikuwa zima kabisa.

"Wageni wetu," alisema, "mi sitasema mingi."

Jasho la kwanza lililomtoka Herménégilde halikuwa la insulini. Aliijua sentensi hiyo. Ilikuwa yake.

Mawazo akaanza na babu yake. Alimvusha babu mto Ruzizi na ng'ombe saba, na kila ng'ombe alikuwa na jina, na kila jina lilikuwa na sababu. Alieleza soko la Uvira lilivyokuwa likipangwa, samaki upande huu, chumvi upande ule. Akaeleza tabia ya kila shangazi. Kila baada ya muda alinyamaza, akatupa jicho kwenye pazia la korido, kisha akapata babu mwingine. Dakika ya ishirini Herménégilde aliona ufundi wake na kumheshimu. Dakika ya thelathini na tano alianza kumchukia. Dakika ya hamsini hakuhisi midomo yake.

Soda zilikuwa mezani, umbali wa mkono. Fanta za machungwa, zimepangwa safu mbili, baridi ikizitoa jasho kama yeye. Angeweza kusema tu, "Nina kisukari, nipeni moja." Maneno manne matano, na yeye ni mtu wa maneno. Lakini alimwona Valéry amekaa kwenye ukingo wa kiti, macho yote kwenye lile pazia, na nyuma ya pazia kivuli cha binti. Akiomba soda, siri imetoka na huenda Valéry akarudi nyumbani peke yake. Asipoomba, anaweza kuanguka hapa sakafuni na asiamke. Akaamua angoje kidogo. Kwa mtu ambaye sukari imeshuka, kila uamuzi huonekana wa busara.

"Sasa," Mawazo akafika mwisho wa babu wa nne, "mutuambie, wageni. Mumefuata nini hapa kwetu?"

Jibu la swali hilo linajulikana mjini pote. Msemaji husema walipita tu, wakaona ua zuri, wakasimama kulishangaa, na hapo ndipo safari inapoanza.

"Chakula," akasema Herménégilde.

Nyumba nzima ikacheka. Wazee wakapiga mapaja. Mtu akasema huyu wa Musaga ameleta mtindo mpya. Hata Mawazo alitabasamu, akaruka moja kwa moja kwenye hesabu ya ng'ombe, apate kumjaribu.

"Na mahari mutaleta ng'ombe ngapi?"

Nyumbani walikubaliana aanze na wanne na asizidi sita.

"Kumi na mbili."

"Hiyo ni kidogo," Mawazo akajibu kwa mazoea, kabla hajasikia idadi. Kisha akaisikia na kubaki mdomo wazi.

"Basi ishirini," akasema Herménégilde, "na ile moja ya babu yenu, yenye alama nyeupe, nitairudisha."

Baba yake Valéry alikohoa mpaka akapigwa mgongoni. Kicheko kilitoka nje na kufika langoni, pamoja na habari ya ng'ombe ishirini. Epiphanie aliposikia idadi hiyo alitua kikapu chini. Alimjua mumewe: akiwa mzima hamwongezi mtu hata kuku.

Ndani, Herménégilde alikuwa amesimama na kuyumba. "Lakini naona muko wawili," alimlalamikia Mawazo. "Mi niko peke yangu na nyinyi muko Mawazo wawili. Hii si aki." Watu wakacheka tena, ila safari hii kicheko kilikatika njiani, kwa sababu shuka lake lilikuwa limelowa kama limetolewa kwenye beseni na uso wake ulikuwa rangi ya majivu.

Pazia likafunguka. Nsimire akatoka.

Binti hatoki kabla hajaitwa. Hilo hata watoto wanalijua. Yeye alitoka, na mavazi yake yote na shanga kichwani, akapita mbele ya babu zake bila kumsalimu mtu, akachukua Fanta mezani, akaifungua kwa ufunguo wa chupa uliokuwa hapo na kuiweka midomoni mwa Herménégilde.

"Kunywa, tonton," alisema, akimwita mjomba kama Valéry anavyomwita. "Yote. Usiachilie."

"Binti," Mawazo alisema, "rudi ndani. Haujaitwa."

"Muzee, sukari imemushuka. Nikingoja kuitwa, ataanguka."

"Unajua aje?"

Nsimire alimtazama shangazi yake Sikuzani, na Sikuzani alitikisa kichwa kumkataza. Binti akasema hata hivyo.

"Kwa sababu mi najidunga kama yeye. Asubui na mangaribi, tangu niko na miaka kumi na moja. Na saa ile yote muzee Mawazo alikuwa anavusha ng'ombe, ni juu yangu. Yangu pia ilishuka, mulikuwa munangoja ipande ndiyo munitoe."

Mama yake Nsimire alifunika uso kwa kitenge. Mlangoni alikuwa amesimama Epiphanie na kasha la sukari mkononi, akihema, na nyuma yake wanawake wote wa msafara waliokuwa wamemfuata mbio, Marguerite akiwa mbele yao. Wote walikuwa wamesikia.

Nsimire hakuwatazama. Alimkalisha Herménégilde, akakaa kando yake na kukodolea macho saa ya ukutani. "Dakika kumi na tano," alisema. "Isipopanda, tunamupa ingine."

Zilipita polepole. Sukari ilipomrudia, Herménégilde alianza kuona Mawazo mmoja, kisha Valéry, kisha mkono wa binti ulioshika chupa, na hapo ndipo akaelewa binti amefanya nini. Msichana huyu siku hiyo alikuwa na kitu kimoja cha kuficha, na watu wa kufichwa walikuwa wao. Angekaa nyuma ya pazia angekuwa salama. Alikuwa ametoka kwa ajili ya mzee ambaye hawajawahi hata kusalimiana. Machozi yalimtoka Herménégilde na hakuyafuta.

"Valéry," Marguerite aliita, "we ulijua?"

"Ndiyo, mama." Valéry alikuwa anaongea na viatu vyake. "Tulikutana mu foleni ya dawa. Nilikuwa nimeenda kuchukua ya tonton."

Mzee Mawazo alishusha pumzi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kwa kifupi.

"Basi. Mumeona. Tulisema tutawaambia kiisha ndoa, na ilikuwa vibaya. Mukitaka kwenda, hatutawashika."

Macho yote yakamgeukia Herménégilde. Neno lilikuwa lake. Kabla msemaji hajajibu, hakuna mtu wa upande wake anayeruhusiwa kufungua kinywa, hata Marguerite, ambaye midomo yake ilikuwa imekazana. Herménégilde akasimama, Epiphanie akamshikilia shuka kwa nyuma.

"Mi pia nilitumwa kuficha," alisema. "Na muliona, nimeficha vibaya. Huyu mutoto alikuwa na siri yake, ameitupa chini juu ya kuniokoa, na hata hanijui. Tunamuomba. Mukitunyima, mutunyime juu ya kitu ingine. Si juu ya sukari."

Akakaa. Watu wakangoja hotuba iliyobaki. Haikuwapo.

Mawazo alimtazama baba yake Nsimire, baba akaitikia kwa kichwa, na Mawazo akatamka kuwa binti ametolewa. Vigelegele vilipotulia kidogo, Sikuzani aliuliza kuhusu wale ng'ombe ishirini. Baba yake Valéry akawahi kujibu kuwa ile ilikuwa sukari iliyokuwa inaongea. Wakashuka mpaka sita bila ugomvi, na Sikuzani akaenda kufunua masufuria.

Epiphanie hakungoja foleni. Alijaza sahani, akakaa mbele ya mumewe na kuanza kumlisha mwenyewe kwa kijiko, kwa sababu ile insulini ya langoni ilikuwa bado inafanya kazi, na kwa sababu akili yake ikirudi nzima angetaka kuhutubia. Nsimire alikuwa bado amekaa upande wa pili.

Marguerite akawajia. Alisimama mbele ya binti, akauchukua mkono wake na kuugeuza kiganja juu. Kwenye ncha za vidole palikuwa na vidoa vidogo vyeusi, vingi, pale sindano inapochomwa kupima damu. Akaviangalia kimoja kimoja. Halafu akauchukua mkono wa mdogo wake, mkono aliokuwa ameusalimia kila Jumapili kwa miaka ishirini na saba, akaugeuza vilevile.

"Hermé," akauliza, "inauma?"

Herménégilde alikuwa na wali mdomoni. Akaitikia kwa kichwa tu kuwa ndiyo, inauma.